Bangili Zilizoukimbia Ukaguzi

Sehemu ya Tisa

Mlioshinda wiki nzima mkibishana kuna nini ndani ya lile pipa jekundu, wengine mkiapa ni nyoka, wengine mkiapa ni maiti, poleni. Nyote mmeshindwa. Hamna kitu.

Pipa lilikuwa tupu. Tena si tupu tu. Lilikuwa limeoshwa, likapanguswa, likanukia sabuni kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Madam Nasipwondi, mkaguzi aliyetoka mjini kuja kuamua kama karakana ile ya Kibera, ya bangili na vifungo vya mifupa, itabaki na cheti chake cha ubora, aliinama akachungulia. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akautoa, akautazama, kana kwamba mkono wenyewe ungemwambia kitu.

"Trizah," akasema polepole, "hapa juu mmeandika *Kazi yenye kasoro*. Kasoro ziko wapi?"

Trizah naye akachungulia. Yeye ndiye afisa wa ubora. Jana jioni, alipofunga mlango akateremka kwenda kwake, mtaa wa Raila, pipa hilo lilikuwa limejaa bangili za mifupa hadi kifuniko hakikai. Alizikataa kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Kwa macho zilikuwa bangili nzuri. Nyeupe, laini, zinang'aa. Lakini mifupa yake ilitolewa sufuriani kabla mafuta hayajaisha. Mfupa wa namna hiyo ukiuvaa kivulini, wewe ni malkia. Ukipigwa na jua unatoa jasho la mafuta na kuanza kunukia supu.

"Hakuna kasoro, Madam," sauti nzito ikajibu nyuma yao. "Sisi hapa hatukosei."

Alikuwa Okoth, mwenyekiti wa karakana, kaka wa mama yake Trizah, ndani ya suti aliyoifunga vifungo vyote kwa heshima ya siku. Ndiye yule ambaye asubuhi alimnyooshea mkaguzi bangili ya zawadi. Mkaguzi akaikataa mbele ya watu wote, akasema sheria haimruhusu. Okoth alicheka tu, kicheko cha mtu anayejua kwamba mgeni mwenye adabu hukataa kwanza.

"Hamkosei?" Nasipwondi akauliza.

"Tangu mwaka uanze."

"Mafundi wote hawa, na mifupa yote hii, na hakuna hata kifungo kimoja kilichopasuka?"

"Mungu ni mwema."

"Kila wakati," wakaitikia mafundi wawili kule nyuma, kwa mazoea.

Nasipwondi hakucheka. Alisogea kwenye meza ya kazi akaokota bangili nzuri, mojawapo ya zile zilizokuwa tayari kusafiri. Akaigeuza. Ndani yake palikuwa na mchoro mdogo, umekwaruzwa kwa ncha ya sindano.

"Hii nyota ni nini?"

"Ni mimi," akasema Filister, fundi wa msasa, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko msasa wenyewe. "Kila fundi hapa ana alama yake. Mimi nyota. Kazi ikiharibika humsingizii jirani."

"Hiyo ni nzuri," mkaguzi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaandika kitu bila kukunja uso. "Na sera yenu ya ubora, unaijua?"

Hapo Trizah alipumua. Hili alikuwa amejiandaa nalo. Miaka mitatu iliyopita mkaguzi mwingine aliwauliza mafundi sera, wakababaika kama wezi. Kwa hiyo safari hii Trizah alikuwa ameigeuza sera kuwa shairi, Filister akalitia sauti ya kwaya, na karakana nzima ikalikariri mwezi mzima. Filister akakohoa, akanyoosha leso, akaanza, na wengine wakadaka:

*Mfupa twauchemsha, mafuta yote yatoke,*
*Kisha tukaukausha, juani upumzike,*
*Wenye kasoro twashusha, pipani tukauweke,*
*Mteja twamridhisha, arudi asiondoke.*

Waliimba vizuri. Hata muuza samaki wa nje aliacha kukaanga akasikiliza.

"Mstari wa tatu," Nasipwondi akasema. "Rudieni."

"*Wenye kasoro twashusha, pipani tukauweke.*"

"Pipa ndilo hili?"

Unaweza kuwatungia watu wimbo mtamu, lakini ole wako wimbo ukigeuka shahidi.

"Sikizeni," mkaguzi akasema, akalifunika lile pipa kwa upole kama anayefunika maiti. "Kile kiwango cha zamani kilinituma nije nisome mafaili. Nasoma, nakunywa chai, naenda. Hiki kilichorekebishwa kinanituma niangalie mnavyoishi. Fundi anafanya nini kazi ikiharibika? Mkubwa wake anafanya nini? Nyinyi mnaniambia hamkosei. Sasa mtu asiyekosea ananionyesha nini?"

"Usafi," akasema Okoth.

"Saa kumi tunafunga kikao. Ikifika saa kumi na pipa hili bado linanukia sabuni, nitaandika kwamba hamjavuka kwenda kiwango kipya. Na cheti cha zamani kinaisha na mwezi huu. Mnajua."

Walijua. Mnunuzi wa vifungo kule Ulaya alikuwa amesema wazi kwamba bila cheti hakuna oda. Na bila oda, kila mtu pale ndani angerudi kutafuta kibarua cha mjengo au kufua nguo za watu mtaa wa Ayany. Trizah ndiye aliyesimama mbele yao akawaapia, "Tutavuka. Niachieni mimi." Wakamwachia.

Alimshika mjomba wake mkono akamvuta nyuma ya mashine ya kusaga, mahali penye kelele.

"Anko, bangili ziko wapi?"

"Bangili gani?"

"Anko."

Okoth akatazama viatu vyake. "Trizah, mgeni akija kwako, unamkalisha karibu na ndoo ya takataka?"

"Huyu si mgeni. Huyu ni mkaguzi."

"Amekunywa chai yangu. Ni mgeni."

"Lile pipa ndilo lingetuvusha. Ningemwambia, Madam, hizi zilikosewa, tukazigundua, tukazizuia zisiende kwa mteja. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya huu mwaka, Anko. Na wewe umeimwaga ukaosha na chombo."

"Mimi nilikuwa nafunika aibu."

Trizah alitaka kumuuliza aibu ya nani, akajizuia. Alijua. Bangili zote za pipani, ndani yake, zilikuwa na alama moja. Samaki. Na katika karakana nzima mwenye samaki alikuwa mmoja tu, Okoth mwenyewe, yule aliyeona sufuria inachelewa siku ya oda akaitoa mifupa motoni, akisema yeye amechonga kabla wengine hawajazaliwa.

"Umezipeleka wapi?"

"Si mbali. Nilimpa mtu wa boda gunia jana usiku, akalipeleka stoo. Kwa Waceke."

Waceke alikuwa mwenye ploti kule Kawangware, kituo cha 46. Alikuwa amewakodishia kibanda cha kuhifadhi mifupa mibichi inapotoka machinjioni.

"Basi mpigie Waceke alilete."

"Nimempigia tangu asubuhi. Hashiki."

"Kawangware si mbali," ikasema sauti ya tatu.

Mashine ilikuwa imezimwa, na wala hawakujua imezimwa lini. Nasipwondi alikuwa amesimama pale, mkoba wake mkubwa begani, funguo mkononi.

"Gari langu liko Ayany. Twendeni. Nataka kuona kasoro zenu zinavyotembea mji."

Filister alikuwa tayari ameshavua aproni. "Na mimi naenda. Hawa hawajui mlango wa Waceke vizuri."

"Mimi ndiye mpangaji wake," akasema Okoth.

"Ndiyo maana. Wewe ukifika mlangoni, unajificha."

Njia sitawasimulia. Mnaijua, na foleni yake mnaijua. Itoshe kusema kwamba ndani ya gari lile aliyezungumza ni Filister peke yake.

Kabla hawajafika kwa Waceke walisikia nyimbo.

Geti lilikuwa wazi, limepambwa kwa maua na matawi. Uwanjani palikuwa na hema mbili zinazotazamana, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Moshi wa mbuzi ulipanda juu, na wanawake wa kitenge cha namna moja walikuwa wakicheza kwa mikono juu.

Trizah alitazama ile mikono. 

Kila mkono ulikuwa na bangili. Nyeupe, laini, zinang'aa.

"Okoth," akasema Waceke, mwenye nyumba, akiwajia mbio, kilemba kimekaa upande. "Mpangaji wangu. Umekuja kujionea mwenyewe."

"Mama Wangeci," Okoth akajibu, na sauti yake nzito ilikuwa imekonda.

"Jumanne nilikwambia nina ruracio, mahari ya msichana wangu inaletwa, msinisahau. Wapangaji wote wakanyamaza kama hawajasikia. Halafu jana usiku gunia linafika, limejaa mapambo. Nilimwambia mzee, huyu mtu wa ziwani ana adabu kuliko ploti nzima." Akainua mikono yote miwili, bangili zikagongana. "Zimetosha ukoo. Hata Shosho amepata."

Mnaona lilivyotokea? Gunia linaletwa usiku wa kuamkia sherehe, bila neno. Mtu gani wa Kawangware angedhani ni takataka? Mchango ukiletwa hauulizwi, huvaliwa.

"Mama, kuhusu hizo bangili," Trizah akaanza.

"Shh. Wasichana wanatoka. Kaeni hapo."

Wakaketishwa mbele kabisa, pamoja na mkaguzi, kila mmoja na soda yake. Nasipwondi aliweka mkoba chini ya kiti, akafungua kalamu. Hiyo ndiyo iliyomtisha Trizah.

Wasichana wakatoka kwa foleni, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni. Mnajua mchezo huo. Bwana arusi lazima amtambue wake chini ya leso. Akikosea anapigwa faini na kuchekwa hadi mjukuu wake wa kwanza. Waceke, kwa ujanja, alikuwa amewavisha wote bangili zilezile, ili Irungu, bwana arusi, asimjue mpenzi wake kwa mikono.

Mzee Kinyanjui, msemaji wa upande wa nyumbani, akasimama na fimbo. "Irungu. Umekula kwetu, umekunywa kwetu. Sasa tuonyeshe mali yako ni ipi."

Irungu, kijana mrefu mwenye tai fupi, akapita mbele ya wale wasichana. Akarudi. Akapita tena. Jua lilikuwa limewaka kweli, jua la mvua inayokuja.

Trizah ndiye aliyeisikia kwanza. Ilikuja kidogo, ikaenda, ikarudi. Harufu ya supu.

"Filister," akanong'ona.

"Naisikia."

"Labda ni jikoni."

"Jikoni kunachomwa. Hiyo imechemshwa."

Wanawake waliokuwa wakicheza wakaanza kujinusa kwa siri. Mmoja alimsogelea mwenzake, akamkimbia. Mafuta yalikuwa yakichuruzika polepole kwenye vifundo vya mikono. Na kutoka nyuma ya nyumba, kamba iliyokatika ikiburuzika, akaja Sajini.

Sajini ni mbwa wa Waceke. Sikio moja, njaa mbili.

Alisimama katikati ya uwanja akainua pua. Maskini, alichanganyikiwa. Kila upande mfupa. Alikimbilia hema ya wenyeji, akakimbilia hema ya wageni, halafu akawaona wale wa leso wamepangwa mbele yake kama sahani mezani. Akachagua mmoja, akaidaka bangili kwa meno, akavuta.

"Ma-mii, nitolee huyu mbwa," sauti ikatoka chini ya leso.

"Huyo," akasema Irungu, akamshika palepale. "Huyo ndiye Wangeci. Hiyo sauti hunipigia kelele hivyo hivyo nikichelewa."

Hema ya wageni ikalipuka kwa vigelegele. Hema ya wenyeji ikasimama kupinga.

"Umesaidiwa na mbwa."

"Mbwa ni wa kwenu. Kwa hiyo mmetusaidia wenyewe."

"Faini iko palepale."

"Faini mlipisheni Sajini."

Wangeci alitoa kichwa nje ya leso, nywele zimetimka, mkono mmoja kwa Irungu na mwingine mdomoni mwa mbwa. Bangili ikasema *ta*, ikavunjika. Sajini akaondoka na nusu yake, kama mtu mwenye shughuli zake.

Mzee Kinyanjui aligonga chini kwa fimbo hadi kelele zikatulia. Akaokota nusu iliyobaki. Akainusa. Akaisogeza mbali na pua yake akamtazama Waceke.

"Mama Wangeci, umewavisha watoto wetu nyama?"

Waceke alikuwa amekauka. Macho ya wakwe wote yalikuwa juu yake. Alimgeukia mpangaji wake. "Okoth? Ulinitumia nini?"

Okoth akasimama, akavuta suti. Trizah alimjua mjomba wake. Aliona uongo ukimpanda kooni kama mate.

"Mama, kusema kweli, bangili za mifupa ziko nyingi Nairobi," akasema. "Sijui kama hizo ni zetu. Yule mtu wa boda huenda alibadilisha gunia."

Kalamu ya Nasipwondi iliandika maneno machache, ikasimama.

Trizah alimtazama mkaguzi, akamtazama mjomba, akamtazama Waceke akiificha mikono yake nyuma mbele ya wakwe zake. Saa kumi ilikuwa inakuja. Akinyamaza, huenda uongo ungepita, na pipa lingebaki tupu. Akisema, angemvua nguo aliyemlea mbele ya Kawangware nzima.

Akajikuta amesimama. Miguu ilimtangulia, moyo ukafuata.

"Wazee, na akina mama, niwieni radhi. Naitwa Trizah. Hizo bangili ni zetu."

"Trizah, kaa chini," akasema Okoth kwa sauti ya chini.

"Ni zetu, na ni mbaya. Mifupa yake haikuiva. Mimi mwenyewe nilizikataa zisiuzwe. Mama Wangeci hana kosa lolote, alipokea kwa moyo safi. Zilitoka kwetu bila ruhusa yangu na hazikustahili kufika mikononi mwenu. Naomba mnirudishie zote, sasa hivi. Baada ya wiki mbili nitawaletea nyingine zilizoiva, mtu kwa mtu."

Waceke akapata ulimi. "Msichana, unanivua mapambo mbele ya wakwe?"

"Nakuvua harufu, Mama. Heshima yako nakuachia."

Mtu mmoja hema ya wageni akacheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Wa pili akafuata. Mwisho hata Waceke mwenyewe, akijinusa kiganja, akaanza kutikisika mabega.

"Na aliyevalishwa kwa upande wetu," akauliza shangazi mmoja wa upande wa Irungu, "yeye ni mkwe, si mwenyeji. Hata yake mnachukua?"

"Yenye kasoro inarudi," Trizah akasema. "Haijalishi iko mkononi mwa nani."

Basi Filister akalishika gunia, akazunguka nalo kama kapu la sadaka, akiimba ule mstari wa tatu. Wanawake wakaudaka. Kufika raundi ya pili hema zote mbili zilikuwa zinaimba *pipani tukauweke*, na mzee Kinyanjui anapiga fimbo kwa mdundo.

"Mimi nimesimamia ruracio nyingi," akawaambia wageni. "Sijawahi kuona mtu akija kudai mifupa kabla nyama haijaliwa."

Aliyekataa ni Shosho peke yake, bibi mzaa mama wa bibi arusi. Alikumbatia bangili yake kifuani. "Mimi nimekula supu miaka yote. Harufu yake hainisumbui."

"Shosho, mbwa atakufuata."

"Afuate. Tangu mzee wangu afe, nani mwingine ananifuata?"

Trizah alipiga magoti mbele yake, akamnong'oneza kitu, akamsugua mkono. Sitawaambia alimwahidi nini. Lakini bangili ilitoka, na Shosho akarudi kwenye kiti chake akitabasamu kama msichana.

Gunia likafungwa kwa kamba, likapelekwa kwenye buti ya gari, buti ikafungwa kwa kishindo.

Nasipwondi aliinuka. Alimjia Trizah taratibu, daftari chini ya kwapa. Trizah alijikaza.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," mkaguzi akasema. "Watu hunionyesha makabati. Leo nimeona kasoro ikitoka, nimeiona ikimfikia mteja, nimeona mtu akiisimamia na kuirudisha hadharani, uso wake ukimwaka. Huo ndio mfumo. Hayo mengine ni karatasi."

"Kwa hivyo, Madam?"

"Kwa hivyo turudi Kibera. Nikaone pipa likijazwa, tufunge kikao." Midomo yake ilijisogeza kidogo, karibu kutabasamu. "Nadhani mtavuka."

Filister akamkumbatia Trizah hadi akamwinua. Okoth akafuta jasho kwa kitambaa, akamtazama mpwa wake kwa macho ya mtu aliyesamehewa kabla hajaomba.

Tungeishia hapo, tukashukuru Mungu, tukala mbuzi. Lakini aibu ukiifukia, kuna mwenye pua ataifukua.

Sajini alirudi.

Nusu bangili ilikuwa imeisha. Gunia lilikuwa limefungiwa. Mikono yote uwanjani ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Hakukuwa na sababu hata moja ya mbwa yule kupita katikati ya watu, pua chini, moja kwa moja hadi mstari wa mbele, na kuketi mbele ya kiti cha mkaguzi.

Hakumtazama mkaguzi. Alitazama mkoba wake.

"Mama, ita mbwa wako," akasema Nasipwondi.

"Sajini," Waceke akaita. "Sajini, toka hapo."

Sajini aliingiza kichwa chote ndani ya mkoba. Nasipwondi akaunyakua, mbwa akashikilia upande wake, na mkoba ukapinduka. Kitana. Simu. Biblia ndogo. Na kitu cha mviringo kilichofungwa vizuri kwa karatasi laini, kikabingiria hadi kwenye viatu vya mzee Kinyanjui, kikafunguka.

Bangili. Nyeupe, laini, inang'aa.

Nyimbo zilikatika. Hata wapishi waligeuka.

"Hii si yangu," Nasipwondi akasema. "Asubuhi nilikataa zawadi. Nilikataa kwa mdomo wangu, mbele ya watu."

"Ulikataa, nilikusikia," akasema Filister haraka.

"Sasa imeingiaje mkobani mwangu?" Aliiokota kwa ncha za vidole. "Mnajua mkaguzi akikutwa na zawadi ya watu anaowakagua ni nini? Mimi kazi yangu imekwisha. Na nyinyi, msahau kuvuka. Hakuna kiwango, cha zamani wala kipya, kinachopitisha hongo."

"Si hongo," mtu fulani akasema kwa sauti ndogo sana, sauti nzito iliyopoteza uzito wote.

Nasipwondi hakumgeukia. Alimwendea Trizah, akamfungua kiganja, akaiweka bangili ndani yake. Ilikuwa ina joto.

"Dakika chache zilizopita ulisema yenye kasoro inarudi, haijalishi iko mkononi mwa nani."

"Nilisema, Madam."

"Basi nakurudishia. Na wewe niambie imetoka mkononi mwa nani. Ukinijibu ukweli, nitaandika ukweli, na huenda sote tukapona. Ukinidanganya, nafunga daftari hapahapa."

Trizah aliigeuza bangili. Ndani yake, kwenye ukingo, samaki mdogo alikuwa akimtazama. Akainua macho. Mwenye samaki naye alikuwa akimtazama, suti imemlegea mabegani, ghafla mzee kuliko asubuhi. Mtu aliyemfundisha kushika patasi. Mtu ambaye kwake mgeni akikataa, unampenyezea, maana hivyo ndivyo alivyolelewa.

Filister akamshika Sajini kwa kamba yake.

Trizah akafungua mdomo. Okoth pia akafungua wake. Kwa pumzi moja, mbele ya hema mbili na mbwa mmoja, kila mmoja wao akataja jina.

Halikuwa jina moja. Nani alimtaja nani, subirini Sehemu ya Kumi.